Mstaafu anayerudi nyumbani kutoka Marekani: ashike bima ipi ya matibabu, na aiachie ipi?

Mstaafu Mtarajiwa (Houston)

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mwezi Machi mwakani nitatimiza miaka 65, na mimi na mke wangu, ambaye namzidi miaka minne, tumekwisha kukubaliana kwamba baada ya hapo tutarudi kuishi Tanga. Nyumba ipo Pongwe, kisima kimechimbwa, na miembe niliyoipanda wakati wa likizo sasa inazaa. Jambo ambalo halijakaa sawa ni matibabu. Nimefanya kazi Texas kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo katika nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo nayajua magonjwa ya uzeeni kwa kuyashika mikononi. Nisichokijua vizuri ni nani atakayelipa yatakaponifikia mimi.

Niwaeleze kwanza ninachokifahamu, ili asije mtu akapoteza muda kunifundisha nilichokwisha kukisoma. Medicare, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa waliofikisha miaka 65, hailipi matibabu nje ya Marekani isipokuwa katika mazingira machache sana, kama vile mtu anayepita Kanada kwa njia ya moja kwa moja kwenda au kutoka Alaska akaugua njiani, au anayeishi mpakani ambaye hospitali ya ng'ambo iko karibu naye kuliko ya kwao. Pongwe haimo. Sehemu A, inayohusu kulazwa, nitaipata bila malipo ya kila mwezi kwa sababu nimechangia zaidi ya miaka 10. Sehemu B, inayohusu madaktari na matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa, hulipiwa. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, ikikatwa moja kwa moja kwenye pensheni. Dirisha langu la kujiandikisha ni miezi saba, kuanzia miezi mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa hadi miezi mitatu baada yake.

Swali langu ni hili: kuna haja gani ya kulipia Sehemu B kila mwezi ilhali mimi niko Tanga, na haiwezi kunilipia hata kidonge kimoja cha presha?

Ningekwisha kuamua kuikataa, lakini kuna jamaa yangu mmoja tuliyekuwa naye zamu za usiku, ambaye aliikataa mwaka 2018 akarudi Moshi. Mei 2023 aligundulika ana saratani ya tezi dume, akaamua kurudi huku atibiwe. Alipofika akaambiwa kwamba dirisha la waliochelewa hufunguliwa kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Machi tu. Akajiandikisha Januari 2024, bima ikaanza Februari, na akapigwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa nje ya mfuko, jumla asilimia 50, atakayoilipa maisha yake yote. Miezi ile ya kungoja watoto wake walikopa. Sasa hivi yu mzima, alhamdulillahi, lakini kila tukizungumza kwenye simu hunikumbusha ile asilimia 50 kama mtu anayekumbusha deni.

Nyinyi mliotangulia, mlifanyaje?

Mhasibu wa Dallas

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa maswahibu ya jamaa yako, lakini naomba nitofautiane nawe kwa adabu kuhusu kinachotisha katika kisa chake. Watu wengi huogopa ile nyongeza, nami nadhani nyongeza ndiyo sehemu nyepesi ya hadithi nzima.

Tuchukue kiwango cha dola 185. Mtu akikaa nyumbani miaka 8 bila kulipia Sehemu B, ameokoa dola 17,760. Akirudi Marekani atatozwa nyongeza ya asilimia 80, ambayo ni dola 148 kwa mwezi, yaani dola 1,776 kwa mwaka. Itamchukua miaka 10 kuirudisha serikalini ile fedha aliyoiokoa. Badilisha miaka 8 uweke 4, au uweke 14. Jibu ni lile lile la miaka 10, kwa sababu nyongeza ni sehemu ya kumi kwa kila mwaka. Ni kweli kwamba kiwango hupanda mwaka hadi mwaka, na nyongeza hukokotolewa juu ya kiwango cha wakati huo, kwa hiyo muda halisi utakuwa mfupi kidogo kuliko huo. Hata hivyo mtu anayerudi Marekani akiwa na miaka 75 kwa sababu ya maradhi hana uhakika wa kuilipa nyongeza hiyo hadi afikishe 85. Kwa hesabu tupu, asiyelipa hajakosea.

Kilichomuumiza jamaa yako ni kalenda. Ukiugua mwezi Aprili, unangoja hadi Januari ndipo ujiandikishe, na bima inaanza mwezi unaofuata. Hiyo ni takriban miezi kumi, na saratani haijui mambo ya Januari. Sehemu A ingemlipia kama angelazwa, lakini mionzi na dawa anazopewa mgonjwa anayerudi kulala nyumbani huangukia Sehemu B. Kwa hiyo anayeikataa Sehemu B asijiulize kama ataimudu nyongeza. Ajiulize kama ana fedha taslimu za kumvusha miezi kumi, au kama anaishi mahali ambapo ugonjwa huo unaweza kutibiwa vizuri bila kupanda ndege.

Kuna jambo la pili ambalo sijaona likizungumzwa. Sehemu B hulipa asilimia 80 tu ya gharama zilizoidhinishwa, na ile asilimia 20 inayobaki haina kikomo. Watu hununua bima ya nyongeza iitwayo Medigap ili kuifidia. Sheria inakupa miezi sita tangu Sehemu B yako ianze, ukiwa na miaka 65 au zaidi, ambapo kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya maradhi. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi, Texas ikiwemo, kampuni ina ruhusa ya kukupima na kukukataa. Sasa angalia ajabu yake: mtu anayeanza Sehemu B akiwa na miaka 65, akaondoka, akailipia kwa uaminifu miaka minane akiwa Tanga, anarudi na dirisha la Medigap limekwisha kufungwa zamani. Yule aliyeikataa, siku anapoianza, dirisha lake ndipo linafunguka. Mlipaji mwaminifu hubaki na njia ya Medicare Advantage, yaani mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, ambayo ana haki ya kuingia ndani ya miezi miwili baada ya kurudi na ambayo haimkatai mgonjwa, lakini mipango hiyo ina mtandao wake wa hospitali na madaktari.

Msimamo wangu: aliye na hakika kwamba atarudi kutibiwa Marekani, na ana watoto wa kumpokea, alipie Sehemu B. Aliye na hakika kwamba atazikwa kwao asilipie. Taabu ni kwa walio katikati, ambao ndio wengi.

Tena kama una akaunti ile ya akiba ya afya ya kazini, iitwayo HSA, usiimalize kabla ya kuondoka. Fedha zake zinaweza kulipia matibabu halali hata hospitali ikiwa Dar es Salaam, bila kodi, mradi utunze stakabadhi.

Mstaafu Mtarajiwa (Houston)

Marahaba, Mhasibu. Sikuwahi kuambiwa habari ya Medigap kwa namna hiyo, na nimekaa na washauri wawili. Ile asilimia 20 ndiyo iliyomla yule jamaa baada ya Februari, nami nilikuwa nikidhani ni masharti ya hospitali yake.

Niongeze kitu ambacho huenda kikawafaa wengine. Mimi ni raia wa Marekani tangu 2009, kwa hiyo kurudi kutibiwa hakuna wa kunizuia mlangoni. Ninyi mlio na kadi ya kijani muangalie sana, kwa sababu mtu akikaa nje mwaka mzima bila kibali cha kurejea huhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake. Kulipia bima ya nchi ambayo huwezi kuingia ni sawa na kulipa kodi ya nyumba ambayo ufunguo umeutupa baharini. Kwa upande wa pili, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, mimi narudi kwenye kaburi la baba yangu nikiwa mgeni mwenye kibali. Hilo nalo nahisi litagusa bima ya huko.

Muuguzi wa Leicester

Kaka yangu, hapa Uingereza sisi tuna hesabu tofauti kabisa, na naiweka kwa sababu najua wengi wanaousoma uzi huu wako upande wetu.

Huduma ya NHS, yaani matibabu ya umma ya Uingereza, haifuati pasipoti wala miaka uliyochangia. Hufuata makazi. Siku unapohama kwenda kuishi Kenya au Tanzania moja kwa moja, haki ya kutibiwa bure hospitalini inakwisha, hata kama umefanya kazi ndani ya NHS yenyewe miaka thelathini kama mimi. Wenzetu waliostaafia Hispania au Ufaransa wana fomu ya S1, ambayo inaifanya Uingereza ilipie matibabu yao huko, na fomu hiyo haiendi Afrika Mashariki. Ukija kuwatembelea wajukuu ukaugua, daktari wa mtaa atakuona bure, na chumba cha dharura hakitakudai, lakini ukilazwa utaandikiwa hesabu ya mgeni, ambayo kwa mtu anayeishi nje ya Ulaya ni asilimia 150 ya bei ya NHS. Nimewahi kukaa na mama mmoja wa Kitanzania aliyepewa karatasi hiyo, na alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

Faida yetu ni kwamba mlango haufungwi kwa kufuli ya Januari. Mwenye haki ya kuishi Uingereza anaporudi kwa nia ya kukaa, si kutembea, haki yake ya NHS huanza tangu siku anayofika, bila nyongeza wala adhabu, ingawa anaweza kutakiwa aonyeshe kwamba kweli amehamia. Kwa hiyo sisi hatuna kitu cha kulipia tukiwa mbali. Tuna kitu cha kupoteza na kukipata tena.

Lakini sikilizeni habari ya pensheni, maana ndiyo itakayolipia bima ya huko nyumbani. Pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi kila mwaka kwa wastaafu wanaoishi Kenya, Tanzania wala Uganda. Inabaki pale pale ilipokuwa siku ulipohama au ulipoanza kuipokea ukiwa huko. Ada ya bima ya mzee hupanda kila mwaka, na pensheni imesimama. Fanyeni bajeti ya umri wa miaka 80 kwa pensheni ya miaka 67, kisha mniambie mmeona nini.

Na msisahau dawa. Ukiondoka kwa zaidi ya miezi mitatu daktari wa mtaa hukufuta katika orodha yake, na dawa anazoweza kukupa za safari kwa kawaida hazizidi za miezi mitatu. Ombeni nakala ya faili lote kabla hamjafutwa, na barua yenye majina halisi ya dawa, si majina ya kiwanda, kwa sababu jina la kiwanda la Leicester mfamasia wa Tanga huenda hajawahi kulisikia.

Binti wa Mwisho (Arusha)

Shikamooni wote. Mimi si mstaafu, ni mtoto wa mstaafu, na naomba niwaeleze jinsi jambo hili linavyoonekana kwa yule anayebaki na mgonjwa mlangoni.

Baba alirudi kutoka Ujerumani akiwa na bima ya kimataifa, nzuri sana kwenye karatasi. Usiku mmoja wa Jumamosi alipata kiharusi. Tulipofika hospitali binafsi, dawati la mapokezi liliikagua kadi, likaulizia kama hospitali ile iko katika orodha ya kampuni hiyo, na haikuwemo. Maana yake ni kwamba sisi tulipe kwanza, kisha tudai baadaye. Walitaka amana ya shilingi milioni tatu kabla ya kumpandisha wodini. Namba ya kampuni ilipokelewa na mtu aliyekuwa mpole sana, akasema barua ya dhamana itashughulikiwa, na barua ikafika Jumatatu mchana. Siku hizo mbili zililipiwa na simu za ndugu: huyu laki mbili, yule laki tano, jirani wa baba milioni nzima bila kuuliza itarudi lini.

Baadaye kampuni ilirudisha fedha karibu zote, kwa hiyo siwezi kusema ilitudhulumu. Ninachosema ni kwamba bima inayolipa baada ya wiki sita ni bima kwa mwenye akiba tu. Baba alikuwa amelipa ada ya mwaka mzima, akabakiza kidogo sana benki ya hapa kwa sababu aliamini kadi inatosha.

Basi kabla hamjanunua chochote, muulizeni muuzaji swali moja: hospitali gani, katika mji nitakaoishi mimi, zinapokea kadi hii bila mgonjwa kutoa fedha, na je, kuna mtu wa kutoa idhini usiku wa Jumamosi? Mzee wa Pongwe, usiridhike na orodha ya Dar es Salaam. Uliza ya Tanga mjini.

Wakala wa Bima (Dar es Salaam)

Binti wa Mwisho, pole sana, na nakushukuru, maana umesema kwa aya chache yale ambayo sisi tunatumia semina kuyaeleza.

Mzee wangu, shikamoo. Nitasema kama mtu wa kazi, na sitataja kampuni ninayoiuzia.

Njia za umma kwanza. Wastaafu wa hapa waliokuwa wakichangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wakiwa kazini wana utaratibu wao wa kuendelea kutibiwa pamoja na wenza wao baada ya kustaafu. Wewe ulichangia Texas, na Marekani haina mkataba wa hifadhi ya jamii na nchi yoyote ya Afrika, kwa hiyo miaka yako 26 haihesabiki hapa. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na utekelezaji wake unakwenda kwa hatua. Kwa hali yako ya kuwa mkaazi mwenye pasipoti ya kigeni, usichukue jibu la mdomo kutoka kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Andika barua kwa mfuko, ueleze aina ya kibali utakachokuwa nacho, na upate jibu la maandishi. Mliopo Zanzibar mna mfuko wenu, ZHSF, na kanuni zenu. Na wale wanaoingia Zanzibar kwa pasipoti za kigeni, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wanalipishwa bima ya dola 44. Hiyo ni ya msafiri, na nimekutana na mzee aliyedhani amekwisha kukata bima ya uzeeni.

Upande wa makampuni binafsi, neno la kulijua ni umri wa kuingia. Kampuni nyingi za Afrika Mashariki hazipokei mwanachama mpya aliyepita miaka 60 au 65, ingawa aliyeingia mapema huruhusiwa kuendelea hadi umri mkubwa zaidi. Zipo bidhaa za wazee zinazopokea watu wa umri wa juu, kwa ada kubwa na kiwango kidogo cha malipo. Hapo ndipo wengi wanaorudi kutoka ng'ambo hukwama: mtu anafika akiwa na miaka 67, fedha anazo, na hakuna wa kuzipokea. Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza pia namba mbili, umri wa mwisho wa kuingia na umri wa mwisho wa kuhuisha. Namba ya pili huwa haiandikwi kwa wino mkubwa.

Kisha kuna kipindi cha kusubiri. Ajali hulipiwa tangu mwanzo, ugonjwa wa kawaida baada ya wiki chache, lakini maradhi uliyokuja nayo, kama kisukari, shinikizo la damu au moyo, mara nyingi husubiri mwaka mzima, na baadaye hulipiwa hadi kiwango maalumu tu. Anayekata bima siku aliyoteremka uwanja wa ndege ana mwaka wa kujitegemea mbele yake. Yafaa bima ianze kuhesabu muda wakati bado uko Houston, kama kampuni itakubali.

Bima za kimataifa zina faida ya kutojali mpaka, na ada hupungua sana ukichagua ile inayohudumia dunia yote isipokuwa Marekani. Mtu mwenye Medicare kamili kule na bima ya namna hiyo huku hafunikwi mara mbili mahali pamoja. Bima nyingi za hapa pia hulipia matibabu India kwa magonjwa makubwa, na huko ndiko wengi huenda kwa upasuaji wa moyo au figo ukishindikana kufanyika hapa, ingawa siku hizi moyo unafanyiwa kazi kubwa pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Kwa anayeishi mbali na miji mikubwa, AMREF Flying Doctors wana uanachama wa mwaka wa kusafirisha mgonjwa kwa ndege, ambao bei yake ni ndogo ukilinganisha na kukodi ndege siku ya tukio. Huo ni usafiri tu. Kitanda utakachofikia kinalipiwa na kitu kingine.

La mwisho, na hapa huwa mkali kidogo: msifiche maradhi kwenye fomu. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwombaji, na siku ya dai kubwa kampuni huomba faili lako la zamani. Nimeona familia ikinyimwa dai kwa ajili ya kidonge kimoja cha presha ambacho baba hakukitaja.

Mstaafu wa Kisauni (Mombasa)

Ndugu zangu, mimi nilirudi kutoka Manchester. Kwetu Kenya uraia pacha umeruhusiwa tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo hilo la kuwa mgeni kwenu halikunisumbua. Nilikuwa nimejisajili na NHIF ya kwetu, na tarehe 1 Oktoba 2024 mambo yakahamia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya iliyochukua nafasi yake, ikabidi nijisajili upya. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi tusio na mwajiri huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba na maisha, kisha tukapangiwa kiwango, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na tunatakiwa kulipa cha mwaka mzima kwa pamoja.

Faida yake kubwa ni kwamba haiangalii umri wala maradhi. Nilisajiliwa nikiwa na miaka 71 na sukari yangu, na hakuna aliyenipima. Kasoro yake ni kwamba viwango vya malipo vimewekwa kwa mujibu wa bei ya serikali, na ukienda hospitali binafsi tofauti unaitoa mfukoni. Mimi ninaitumia kama msingi, na juu yake niliwahi kukata bima binafsi ya kulazwa nikiwa na miaka 64, nikiwa bado Manchester, kwa ushauri wa shemeji yangu ambaye siku ile nilimwona ananisumbua. Matibabu ya nje najilipia mwenyewe, kwa sababu bima ya mzee ya matibabu hayo ada yake hukaribia kulingana na kile utakachokitumia.

Alichosema dada wa Leicester kuhusu pensheni iliyosimama ni kweli tupu. Ninayoipokea ni ile ile ya mwaka niliohama.

Mjukuu wa Bwagamoyo (Toronto)

Kwa walio Ontario kama mimi: bima ya mkoa, OHIP, inakutaka uwepo mkoani angalau siku 153 katika kila miezi 12. Wastaafu wengine hugawa mwaka, miezi sita Bagamoyo na sita hapa, ili wasiipoteze. Hulipa nauli wasiyoihitaji, na wakiwa na miaka 75 safari ile yenyewe inakuwa ugonjwa. Sishauri wala sikatazi.

Mstaafu Mtarajiwa (Houston)

Nimerudi baada ya siku tatu. Nimeusoma uzi huu mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu na kalamu.

Kuhusu Sehemu B tumeamua kuilipia miaka miwili ya mwanzo, kisha tutazame. Najua, Mhasibu, kwamba kwa hesabu yako dirisha la Medigap litanipita, na nimekubali kwamba nikirudi nitaingia Medicare Advantage. Sababu yangu si ya kihasibu. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo ambayo bima ya nyumbani itakuwa bado inanisubirisha kwa ajili ya presha yangu, na nisingependa milango yote miwili iwe imefungwa kwa wakati mmoja. Tukishazoea, tukajua hospitali ya Tanga inaweza nini na haiwezi nini, nitaamua kama niiachie. Fedha za HSA hazitaguswa, na nitaweka amana ya kulazwa katika benki ya hapo nyumbani, kwa jina langu na la binti wa dada yangu, kwa sababu ya kile kisa cha Jumamosi.

Lakini Wakala, umenionyesha kitu ambacho sikukifungulia uzi. Nilikuwa nimeishika kalenda ya Machi kwa ajili yangu, nikijua kwamba mimi, kwa umri wangu, ndiye mwenye tatizo. Kumbe mimi, ikiharibika kabisa, nina Medicare ya kukimbilia. Mke wangu ana miaka 61. Tukiondoka, bima ya kazini kwake inakoma, Medicare yake iko miaka minne mbele, na kwa kampuni zile za huko zenye kikomo cha miaka 60 tayari amechelewa, na za miaka 65 anazikaribia. Tulikuwa tumepanga akate bima baada ya kufika, tukishatulia. Sasa tunataka aanze mwezi huu, kabla yangu mimi. Anatumia dawa ya presha tangu 2017, na hajawahi kulazwa. Je, aanzie wapi?

Wakala wa Bima (Dar es Salaam)

Mzee, mama aombe kwa daktari wake muhtasari wa matibabu wa miaka mitano na vipimo vya damu, figo na moyo vya karibuni, kisha aombe bei kwa kampuni zisizopungua tatu, zote kwa fomu yenye majibu yale yale. Ile presha ya 2017 iandikwe ukurasa wa kwanza. Na tafadhali asiache dawa wala asiongeze kipimo chake wiki ya kupimwa ili namba ionekane nzuri. Huwa tunawaona wanaofanya hivyo, na daktari wa kampuni naye huwaona.